Admin Aliyezikwa Wamagana

Jumatatu, 7 Julai 2025

Nimetolewa kwenye grupu! Saa kumi na moja na dakika hamsini jioni. Nilikuwa natuma picha ya mawaridi yenye baraka za wiki. Picha ikagoma. Chini yake, maandishi madogo ya kijivu: Kingori amekuondoa. Hakuna onyo, hakuna kikao. Miaka sita ndani ya Chai ya Saa Nne, halafu mtu anakatwa kama mfereji.

Sababu, niwe wa haki. Jana nilitangaza kifo cha Mwalimu Theuri, mwalimu mkuu mstaafu ambaye mji mzima wa Nyeri unamjua. Habari nilizipata kwa mtu mwaminifu, naye alizipata kwa mtu. Mbula akaandika sala. Oloo akaandika kwamba ameishiwa na maneno, kisha akaandika maneno mia mbili. Theuri, aliye hai kwa binti yake kule Kerugoya, alisomewa rambirambi zote, akapiga simu kulalamika kwamba yangu ilikuwa fupi.

Kingori ana hasira za karibu. Alikuwa daktari wa mifugo, amezoea wagonjwa wasiomjibu.

Niandike wanachama, kwa kumbukumbu. Kingori, admin. Oloo, aliyestaafu polisi akakataa kurudi Siaya kwa sababu ya joto. Mbula, muuguzi mstaafu kutoka Machakos. Mimi, Mburu, miaka thelathini na moja nikisoma mita za maji bila kukosea tarakimu. Wa tano alikuwa Gatimu. Tulimzika Oktoba.

Warigia, mke wangu, amesema afadhali, sasa simu itapoa. Nikamwambia hajui siasa.

Jumanne, 8 Julai

Hotelini saa nne kama kawaida. Ukungu mzito, jiko linafuka moshi, na kila baada ya dakika chache simu tatu zinalia pamoja. Yangu kimya. Wanatazama, wanacheka, wanarudisha mfukoni. Niliuliza ni nini. Oloo akasema si kitu, omera, yaani ndugu kwa Kijaluo chake, ni ya grupu. Ya grupu! Tumeketi meza moja, magoti yanagusana, na mimi niko nje.

Kiti cha Gatimu hakuna anayekikalia. Mhudumu bado anaweka kikombe hapo kila siku, amekifunika chini juu. Hakuna aliyemwambia aendelee. Hakuna aliyemwambia aache.

Niliomba msamaha kuhusu Theuri. Kwa ufupi, kwa heshima yangu. Kingori akasema, "Mburu wa mita, umesoma maji miaka yote hiyo. Sasa soma ishara." Nikasema admin mmoja si mfalme. Akacheka, akasema kama simtaki yeye nimwombe admin yule mwingine.

Kicheko kilikufa palepale. Admin yule mwingine ni Gatimu. Hakuna aliyewahi kumwondoa. Mbula alisema alimsukuma Kingori amwondoe, mwezi wa Novemba. Kingori alisema kidole kilikataa.

Wakabadilisha mazungumzo. Mimi sikubadilisha. Nilikunywa chai hadi majani ya chini. Kama Gatimu bado ni admin, basi simu ya Gatimu inaweza kunirudisha. Wala si wizi. Ni kukata rufaa.

Jumatano, 9 Julai

Wamagana, nyumbani kwa Gatimu, saa tatu asubuhi. Ukungu umekaa juu ya majani chai kama blanketi lenye maji. Kaburi la Gatimu liko kati ya chai na nyasi za ng'ombe, hatua arobaini na mbili kutoka mlangoni. Nilizihesabu ili nisifikirie mengine.

Watiri, mjane wake, alinikaribisha kwa uji. Simu ya Gatimu ilikuwa kwenye rafu, kando ya kofia yake, imeunganishwa na chaja. Taa ndogo ya kijani. Nilimwambia Watiri nataka kutoa picha za zamani nizichapishe kwa kumbukumbu ya mwaka. Uongo mzuri, wenye manufaa. Hata nikaguswa nao mwenyewe.

Watiri aliipangusa ile kofia vumbi. Akasema yeye hajui kuifungua, hajawahi, lakini kila jioni anaichaji na kila Jumapili baada ya kanisa anainunulia bando. Nikauliza bando la nini. Akanitazama kama mtu aliyeuliza chakula cha nini. "Asipitwe," alisema.

Kisha, akiniita kwa jina la mwanangu: "Chukua, Baba Nyawira. Uirudishe Ijumaa. Lakini isizime. Tangu azikwe haijazima hata siku moja."

Njiani, ndani ya ukungu, ilitetemeka mfukoni mwangu mara tatu. Nilijiambia ni mpira wa Oloo, huwa anatuma matokeo. Asubuhi ya Jumatano hakuna mpira. Nikatembea haraka kidogo. Kwa sababu ya baridi.

Alhamisi, 10 Julai

Nilianza kwa Tabby, anayetengeneza simu kwenye kibanda karibu na soko. Aliuliza simu ni ya nani. Ya rafiki. Aje mwenyewe. Hawezi. Kwa nini? Nikasema amelala. Tabby akasema basi akiamka, akanirudishia kwa vidole viwili. Vijana wa siku hizi hawana imani.

Nyumbani. Warigia alikuwa shambani. Saa tano asubuhi niliishika simu mbele ya dirisha, kioo kikielekea mwangaza. Aliyesoma mita zenye vioo vichafu tangu ujana hashindwi na hiki. Kidole cha Gatimu kilikuwa kimeacha njia ya mafuta juu ya kioo: chini, kulia, juu. Kwa miezi tisa Watiri ameishika kwa pembeni tu, kama sahani ya moto. Njia ilikuwa bado inang'aa, kana kwamba ni ya jana. Sikulitilia maanani. Nikaifuata. Ikafunguka.

Nilikusudia kwenda moja kwa moja kwenye grupu. Lakini kulikuwa na jumbe za siri, na mimi ni binadamu.

Kingori amemwandikia Gatimu jumbe mia mbili na kumi na moja tangu mazishi. Karibu kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu. "Gatimu, ng'ombe amezaa. Dume tena." "Gatimu, goti linauma, usimwambie Mbula." Na Jumatatu jioni: "Gatimu, leo nimemtoa Mburu. Ungekuwako ungenizuia, na mimi ningekubali." Kwa hiyo alijua ni makosa! Nimenakili tarehe na saa kama ushahidi.

Mbula, ambaye alimfumba macho kwa mkono wake mwenyewe, anamwuliza kila Jumapili: "Umemeza dawa ya presha?" Oloo anatuma mpira. Mara moja tu, Desemba, aliandika: "Omera, huko kuna nini?"

Watiri ana ujumbe mmoja kwa wiki, kutoka kwa simu yake ndogo. Wa mwisho: "Udongo ni mzito?"

Nikatafuta wangu. Elfu moja mia tatu na kumi na sita! Mia nne na mbili kati yake ni baada ya mazishi, maana baraka zangu za asubuhi huenda kwa kila jina lililo kwenye simu. Hakuna aliyenikaribia kwa idadi. Nilitafuta niliyoyaandika kwa maneno yangu mwenyewe. Nikapata sentensi moja, ya mwaka juzi: "Umeona niliyokutumia?"

Saa tano na dakika arobaini na mbili nilijirudisha. Simu yangu ikalia juu ya meza. Gatimu amekuongeza. Kuliona jina lake likitenda jambo kulinipa baridi ya mgongo, ingawa kidole kilikuwa changu. Kwa adabu nikachukua simu yangu nikajibu mbele ya grupu nzima: "Asante Gatimu."

Sasa naona ilikuwa hatua nzuri sana.

Ijumaa, 11 Julai

Grupu kimya. Hakuna hata "amen". Nilituma picha ya jua likichomoza juu ya mlima. Walisoma wote. Hakuna aliyejibu.

Saa mbili na nusu Oloo alikuja. Alisimama nje ya lango na kilo mbili za sukari na pakiti ya majani chai, vile watu hupeleka nyumba yenye msiba. Nikamkaribisha. Akasema yuko sawa hapo. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba jana saa tano, kabla ya yote, tiki za jumbe zao kwa Gatimu ziligeuka buluu. Zote. Za miezi tisa, kwa wote watatu, ndani ya dakika chache. Kumbe! Ukisoma, aliyetuma anaona. Nililisahau hilo. Mtu hawezi kukumbuka kila kitu.

Mbula, alisema Oloo, alijipima presha mara nne.

"Na baadaye akakuita wewe," Oloo alisema. "Jina lako. Kati ya majina yote."

Nikasema ndiyo.

"Na wewe, omera, ukaitika?"

Nikasema nilimshukuru tu.

Oloo, aliyewahi kukamata majambazi wenye bunduki kule Nanyuki, aliweka sukari chini na kuondoka kinyumenyume hadi kwenye kona.

Warigia alikuwa amesikia. Nyanya yake alimfundisha: marehemu akikuita, nyamaza, hata akiita mara saba. Ukiitika umekubali kwenda. Nilitaka kumweleza ukweli, lakini Warigia ni mweka hazina wa kina mama wa kanisa na ukweli ungefika Karatina kabla ya chakula cha mchana. Nikanyamaza kiume. Jioni ameniuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, ni suti gani naipenda zaidi.

Leo ndiyo siku ya kurudisha simu. Nitairudisha kesho kutwa. Bado ina kazi.

Jumamosi, 12 Julai

Siku tukufu, nusu yake.

Hotelini nimepewa kiti cha karibu na jiko. Nililetewa maandazi mawili bila kuagiza. Kingori alikuja akisukuma toroli langu, lile aliloliazima mwaka wa 2019 na kukana kwa miaka sita. Ndani yake, jembe ambalo hata nilikuwa nimelisahau. Akaomba msamaha kwa kunikatiza hotuba siku ya mazishi ya Gatimu. Akasema nilikuwa na haki ya kumaliza. Nikamwambia zilikuwa zimebaki kurasa tisa. Akainamisha kichwa.

Ningetosheka hapo. Mtu mdogo angetosheka. Lakini niliona bado ni mwanachama wa kawaida. Simu ya Gatimu ingeweza kunifanya admin kwa mguso mmoja, ila ushindi huo hauna ladha. Nilitaka Kingori anipe kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu.

Simu ilikuwa mfukoni mwa kabuti. Nikaandika chini ya meza, kwa kidole gumba: "Kingori. Mfanye Mburu admin." Nikatuma.

Simu ya Kingori ililia kando ya sahani. Akaitazama. Sijawahi kuona uso ukiondoka kwa mtu namna ile. Midomo ilitembea kama anasoma Biblia. Oloo akamwuliza ni nini. Kingori akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza, akainuka, akatoka nje kwenye ukungu. Kofia yake ilibaki.

Mbula akaigeuza simu, akasoma, akanitazama mimi. Kisha akatazama kiti cha tano.

Kwa dakika moja hivi sikufurahi.

Mchana wote simu ya Gatimu ilitetemeka. Kingori: "Ni wewe?" Halafu: "Gatimu ni wewe?" Mara kumi na moja. Mara ya mwisho: "Kama ni wewe niambie ulisema nini siku ile hospitalini nikiwa nimetoka nje." Sikujibu. Sikuwako, sijui alisema nini. Niliitia simu ndani ya pipa la unga. Iliendelea kutetemeka humo. Warigia ameuliza kama nimesikia panya.

U-admin haujafika.

Jumapili, 13 Julai

Nimeenda Wamagana baada ya kanisa kurudisha simu. Nikawakuta wote watatu sebuleni kwa Watiri, magoti pamoja, vikombe mkononi, hakuna anayekunywa. Walikuwa wamekuja kuuliza simu iko wapi. Watiri alikuwa amewajibu tayari: iko na Baba Nyawira tangu Jumatano.

Macho manne. Au manane, kwa hesabu kamili.

Niliiweka simu mezani. Unga kidogo ukadondoka.

Mbula ndiye aliyesema. Huyu mama ametangaza habari mbaya kwa maelfu ya watu na sauti yake haipandi. "Mburu, kama ni wewe, sema sasa. Tutakucheka mwezi mmoja, kisha tutasahau, na Jumatatu utakuja chai kama kawaida. Hatutakutoa tena. Lakini ukikana, ujue unatuacha na nini. Sisi hatuwezi kukaa kwa hiyo meza bila kujua ni nani ameketi na sisi."

Oloo akasema, karibu kwa kuomba, "Sema ni wewe, omera. Tafadhali."

Nilipiga hesabu. Mbula na Oloo, kicheko cha mwezi mmoja, sawa. Lakini Kingori! Kingori angelitumia hilo hadi aingie kaburini. Kila nikifungua mdomo: Mburu wa mizimu. Nikamtazama. Alikuwa hajanyoa. Alikuwa akitazama simu, si mimi, kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe.

Nikasema simu ilikuwa imefungwa. Nikasema nilimpelekea Tabby akakataa kuifungua, wamuulize. Kila neno la kweli. Nikaongeza moja lisilo la kweli: kwamba sikuigusa tena.

Kisha Watiri akatabasamu. Hilo sikulitarajia. Alitoa simu yake ndogo kutoka kwenye leso, akatuonyesha tiki mbili za buluu chini ya ujumbe wake.

"Basi ni yeye amesoma," alisema. "Miezi tisa nangoja. Sasa anaweza kulala."

Nilikuwa na nafasi ya pili hapo, ndefu kama foleni ya chai kiwandani. Nilikunywa uji.

Wameamua simu izikwe kesho. Nimekubali kwa kauli moja.

Jumatatu, 14 Julai

Tumezika simu. Naandika mambo yote kwa usahihi, isije ikasemwa baadaye.

Saa tano asubuhi, Wamagana, mvua nyepesi. Kofia ya Gatimu ilibaki kwenye rafu. Simu niliizima mwenyewe, mbele ya wote. Kioo kikawa cheusi. Watiri aligeuza uso. Mbula alitoa laini akaikata vipande viwili kwa mkasi wake wa kazi. Tukaitia simu ndani ya mkebe wa kakao na vile vipande. Oloo alichimba futi tatu upande wa kichwa cha kaburi. Nilipima kwa mpini wa jembe: futi tatu na inchi moja. Saa tano na dakika ishirini mkebe ukafunikwa. Oloo aliomba kwa Kijaluo, ili kama kuna anayesikiliza asielewe.

Kingori alikanyaga udongo kwa kiatu, polepole, kama anayefunika mbegu.

Tuliporudi kwa njia ya shambani wao watatu walitangulia. Nilikuwa hatua sita nyuma yao. Niliona migongo yao kwenye ukungu, vichwa vimeinama, viwiko vikisogea. Simu yangu ikalia.

Oloo ametoka.

Mbula ametoka.

Kingori alisimama kidogo, kidole juu. Nilidhani atageuka. Akaendelea kutembea.

Kingori ametoka.

Kwenye barabara ya lami Kingori alisema chai itapumzika kwa muda. Nikauliza muda gani. Mbula akasema, "Mpaka utuambie, Mburu." Wakapanda gari lililobakiwa na nafasi tatu tu. Nilingoja lingine dakika hamsini.

Sasa grupu ina watu wawili. Mimi na Gatimu. Na admin ni yeye, ambaye simu yake iko futi tatu na inchi moja chini ya ardhi. Sheria za mtandao ni mbovu sana. Nitaandika malalamiko.

Jumanne, 15 Julai

Hotelini saa nne. Peke yangu. Mhudumu aliuliza wengine wako wapi, nikasema wana homa. Nilikaa saa moja na dakika kumi. Nilijaribu kumpigia Oloo, haikupita. Mbula, haikupita. Kingori ilipita. Ililia hadi ikaisha.

Kurudi nyumbani, Warigia akaniuliza kwa nini nisiende kwa Kingori nikamwambie jambo lile. Nikauliza jambo gani. Akasema jambo lile lililo na unga. Wanawake wana macho ya ajabu. Akaongeza kwamba ni kilomita mbili tu, naweza kwenda na kurudi kabla ya chakula, na rafiki wa miaka arobaini haokotwi sokoni. Nikamwambia mvua itanyesha. Hakukuwa na mvua.

Badala yake nimefikiri kama mtaalamu. Kosa langu lilikuwa moja: nilimtegemea Kingori. Nikipata u-admin kwa njia nyingine, nitawarudisha wote kwenye grupu mmoja mmoja, watake wasitake. Wakijikuta ndani watazoea.

Ili kupima mtandao nilituma neno moja kwa grupu: "Habari." Tiki moja ya kijivu. Tiki moja maana yake ujumbe umetoka kwangu haujafika popote. Sawasawa kabisa. Nilitazama saa sita, saa nane, saa kumi na mbili. Tiki moja. Ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa simu iliyo ndani ya mkebe.

Hata hivyo nilitazama mara kumi na saba.

Jumatano, 16 Julai

Habari njema! Naandika haraka.

Saa tatu na dakika tano asubuhi, tiki mbili. Nilivua miwani, nikaifuta, nikaivaa. Mbili. Saa tatu na dakika sita, buluu.

Nilikaa kitandani. Nje kuku walinyamaza wote pamoja, na ukungu ulikuwa umefika dirishani, hadi kwenye kioo. Nikakagua sababu moja moja. Simu imezimwa: niliizima mimi. Laini imekatwa: nilishuhudia. Huenda mvua imeingia mkebeni ikagusa waya. Huenda. Warigia alikuwa jikoni akiimba, akanyamaza katikati ya ubeti, akauliza kama nimefungua mlango, maana kumeingia baridi. Sikuwa nimefungua.

Saa tatu na dakika saba, juu ya kioo: Gatimu anaandika.

Aliandika kwa muda mrefu. Akaacha. Akaanza tena. Nilifikiri: atasema nini mtu wa miezi tisa kaburini? Atauliza kuhusu Kingori? Atataja uongo wangu wa sebuleni? Nilianza kutunga utetezi, pointi tatu.

Hakusema kitu. Saa tatu na dakika tisa yalitokea maandishi madogo ya kijivu: Sasa wewe ni admin.

Admin!

Bila kampeni, bila Kingori, bila kumpigia mtu magoti. Nilipiga kelele hadi Warigia akaja na mwiko. Nimeandika sheria za grupu, kumi na mbili, nikazituma hapohapo. Zilisomwa kabla sijashusha kidole. Hakupinga hata moja. Nimetuma mawaridi. Buluu. Nimetuma hotuba yangu ya mazishi, kurasa zote, pamoja na zile tisa alizozikata Kingori. Buluu mwanzo hadi mwisho! Katika maisha yangu yote sijawahi kusomwa hivi. Sijui kwa nini nilihangaika na wale wengine.

Nimejaribu kuwarudisha. Oloo amekataa. Mbula amekataa. Kwa Kingori mtandao umesema mtu huyu haruhusu kuongezwa. Vizuri. Kila siku saa za chai zikiisha Kingori huenda duka la dawa za ng'ombe, na njia yake hupita mbele ya hoteli. Nataka apite aone meza yetu haijalala. Kwa hiyo nimemwandikia Gatimu: chai leo, saa nne, pale pale, usikose. Kingori atatuona wote wawili dirishani, na hapo tutajua nani anamhitaji nani.

Saa tatu na dakika thelathini na moja amejibu. Maneno mawili tu: "Niko njiani."

Namjua Gatimu. Akisema yuko njiani huwa bado amelala. Nina muda wa kunyoa ndevu.